Tarakimu ya Kumi

Namatala, Mbale
Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Dada Nusifa,

Assalam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepoa. Mimi sijambo kiasi. Hamuza hajambo pia, yuko njiani na lori la mahindi kwenda Juba, na akishavuka mpaka simu yake haipatikani.

Najua utashangaa kuona karatasi. Siku niliyoondoka ulisema nikipanda gari niifute namba yako na nisikupigie tena. Niliifuta mbele yako, ukiangalia kidole changu. Lakini kuandika hukunikataza. Nimempa Isiko, yule dereva anayekubebea mizigo. Anasema kila Jumanne anapita Bugembe akitoka Mbale, na Alhamisi anarudi huku.

Dada, nina mimba. Kwa hesabu yangu ni wiki ya kumi. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 10 Agosti, nimeiandika nyuma ya kalenda kama ulivyonifundisha. Lakini tangu Jumamosi naona damu. Si nyingi. Ni madoa ya kahawia, kama chai iliyokaukia kwenye kitambaa. Mama mkwe anasema mimba inafagia nyumba yake. Amenipa mumbwa, ule udongo wa dawa, niuloweke kwenye maji ninywe. Nimeuficha chini ya godoro, nikamwambia nimekunywa.

Hapa sina wa kumuuliza. Majirani ni watu wazuri lakini wananiita mgeni, na Kiswahili chetu cha kambini, alichotulea nacho baba, wao wanakiita lugha ya askari. Barua hii naweza kuiacha mezani mchana kutwa na hakuna atakayeisoma.

Nisubiri ikate yenyewe, au niende?

Mdogo wako,
Ramlah


Bugembe, Jinja
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Ramlah,

Waalaikum salam. Mimi mzima. Mgongo haujapoa, na ungejuaje. Januari ulipoondoka na huyo Hamuza wako uliniachia sare za shule mia moja na arobaini, siku kumi na moja, cherehani mbili na mtu mmoja. Nilizimaliza. Nakwambia ili ujue zilimalizwa, sitaki pole.

Sasa kaa chini usome. Damu imeanza Jumamosi, umeandika Jumatatu, na jibu unalipata Alhamisi. Hizo ni siku sita. Damu ya mimba haipewi siku sita. Ukimaliza barua hii vaa viatu uende kituo cha afya leo hii, kabla hawajafunga.

Usianze kubishana na nafsi yako kama ni nyingi au kidogo. Tone moja linatosha kukupeleka. Mara nyingi huwa si kitu na mtoto anaendelea kukua, lakini anayejua ni yule aliyepima, si mama mkwe wala mimi.

Haya nayo yakitokea, ni saa ileile, hata kama chungu kiko motoni: pedi kujaa ndani ya saa moja. Tumbo kuuma sana, hasa upande mmoja, au bega kuuma bila sababu. Kizunguzungu, macho kuingia giza. Homa. Kutoka kitu kama kipande cha nyama. Hapo huendi kituo, unakwenda hospitali kubwa, na huendi peke yako.

Kitambaa kikae nje, usiingize kitu ndani. Nakutumia pedi kumi na mbili za flana nilizoshona mwenyewe. Kila ukibadilisha andika saa. Muuguzi akikuuliza damu ni kiasi gani, usimwambie "kidogo", mpe idadi. Mumbwa utupe chooni.

Usiniulize nimejulia wapi.

Namba yangu usimwombe Isiko, nimemkataza. Nipe vipimo vya kifua na kiuno, maana nguo ulizoondoka nazo hazitakutosha muda mrefu.

Dada yako,
Nusifa


Namatala, Mbale
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Dada Nusifa,

Assalam alaikum, na afya yako? Mimi nashukuru Mungu.

Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta mkunga mmoja anaitwa Brigid, mnene, mkali, anaongea na kalamu mdomoni kama wewe na pini zako. Nilipomtolea karatasi ya saa na idadi ya pedi alicheka, akaniuliza kama mimi ni mhasibu. Nikasema nimelelewa na fundi cherehani. Akanipima damu, akanituma mjini kwenye skani. Jumamosi ya tarehe 26 nikaona moyo, dada. Unapigapiga kama taa ya boda iliyolegea. Wiki kumi na moja kamili, hesabu yangu haikukosea hata siku moja. Damu ilikata siku ya pili yake.

Brigid aliniambia nisimwonee mtu haya, hata nikirudi mara kumi.

Kifua inchi thelathini na sita, kiuno thelathini na moja. Nilijipima mwenyewe, kwa hiyo futi ilikuwa inateleza mgongoni. Ulikuwa ukinipima wewe.

Kuhusu sare, nisamehe. Niliogopa kwamba nikisubiri ziishe hutaniacha niondoke.

Mdogo wako,
Ramlah


Bugembe, Jinja
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Ramlah,

Waalaikum salam. Hapa kuna uzima na mvua.

Gauni hili hapa. Nimeacha inchi nne ndani ya mshono, mbili kila upande. Usizifungue zote kwa pamoja. Fungua nusu inchi kila tumbo linapokubana. Kiuno nimekichukulia thelathini na mbili kwa sababu mtu akijipima mwenyewe hujipunja.

Ni kweli nisingekuacha uondoke. Hilo umelisema sawa.

Dada yako,
Nusifa


Namatala, Mbale
Jumatatu, 6 Januari 2025

Dada Nusifa,

Assalam alaikum. Heri ya mwaka mpya. U hali gani, na msimu wa sare umeanza? Mimi mzima, mtoto anacheza, gauni nimelifungua mara tatu.

Nilirudi kwenye skani kama Brigid alivyoagiza. Mtoto yuko vizuri. Tatizo ni kondo la nyuma, limekaa chini, limefunika mlango wa kutokea. Brigid amenichorea kwenye karatasi: kama gunia lililowekwa mlangoni, na mtoto yuko ndani ya chumba. Anasema huenda likapanda tumbo likikua, wengi hupanda. Skani nyingine ni wiki ya thelathini na mbili.

Ila amenishika mkono akaniambia neno moja, akanitaka nilirudie mbele yake. Damu ya kondo huja nyekundu, na huja bila maumivu. Kwa hiyo nisisubiri kuumwa. Ikija, hata ikikata, nisipite kituoni kwake, niende moja kwa moja hospitali kubwa ambako wanaweza kupasua na damu ipo, nao wasinipime kwa vidole kabla ya kuona skani. Nisibebe maji. Na awepo mtu wa kupigiwa simu, wa kunipelekea nguo na kunitafutia wa kuchangia damu.

Kwenye kadi ya kliniki kuna mstari wa jamaa wa karibu. Hamuza huwa hapatikani, mama mkwe hana simu. Nimeandika jina lako. Mstari wa namba, chini yake, nimeuacha wazi.

Mdogo wako,
Ramlah


Bugembe, Jinja
Alhamisi, 16 Januari 2025

Ramlah,

Waalaikum salam. Mimi mzima ila macho yanauma, nina sare mia mbili na kumi safari hii na vibarua wawili wasiojua kukunja kola.

Alichosema Brigid ndicho. Fanya hivyo hivyo, neno kwa neno.

Kuhusu huo mstari, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Desemba 2019, ile wiki uliyokwenda kwenye harusi ya binamu huko Buwenge, nilikuwa na mimba ya wiki tisa. Damu ilianza Jumanne. Nilikuwa na sweta themanini za shule ya bweni, za kutariziwa namba moja moja, nikasema nikimaliza nitakwenda. Siku ya nne nikawa nabadilisha kitambaa kila nusu saa, bega linaniuma, nikadhani ni la cherehani. Faruk, mume wangu wa wakati ule, alikuwa Kampala. Nilikupigia wewe mara kumi na moja. Kumi na moja, nilizihesabu baadaye kwenye simu. Mteja aliyekuja kuchukua sweta ndiye aliyeniokota sakafuni. Mimba ilikuwa imekaa kwenye mrija, na mrija ulikuwa umepasuka.

Uliporudi ulinikuta kitandani. Nilikwambia ni malaria. Simu yako, ukasema, ilikuwa ndani ya mkoba, na ngoma zilikuwa juu.

Ndiyo maana ulipoondoka nikakwambia usinipigie. Niliona kwamba simu kati yetu haikuwahi kufanya kazi siku niliyoihitaji. Mstari huo mwandike mumeo. Nitafikiri.

Dada yako,
Nusifa


Namatala, Mbale
Jumatatu, 24 Machi 2025

Dada Nusifa,

Assalam alaikum na Ramadhani karim. Hujambo? Funga inakwendaje na mgongo huo?

Nimekaa wiki tisa bila kukujibu. Kila Jumatatu nilichukua kalamu, nikafika "Dada Nusifa", nikaishia hapo. Sikujua. Ulisema malaria, nami nikakuchemshia maji ya limau.

Leo nina swali la dini, nawe ndiye uliyenifundisha kuhesabu siku. Nimefunga tangu mwanzo wa mwezi, Brigid alinikataza lakini niliona nina nguvu. Jumamosi mchana damu ikaja. Nyekundu mbichi, ikalowesha pedi moja, ikakata. Hakuna kilichouma. Nilishtuka, nikatafuta viatu. Mama mkwe akaniuliza tarehe ya siku zangu za zamani. Nikachukua kalenda, nikahesabu kutoka 10 Agosti. Siku ishirini na nane mara nane ni mia mbili ishirini na nne, na zinaangukia Jumamosi, tarehe 22 Machi. Siku yenyewe hasa, dada. Mama mkwe akasema unaona, ni siku zako, wako wanawake wanaoziona mpaka wanajifungua. Nikavua viatu.

Kwa hiyo tangu Jumamosi ninakula. Siku zangu huwa sita, Alhamisi zinakwisha, Ijumaa nitaoga. Skani ilikuwa leo, lakini naona haya kulala mbele ya mashine nikiwa katika hali hii, nitakwenda Jumatatu ijayo nikiwa safi. Najua Brigid alisema nini kuhusu damu isiyouma. Lakini hii imekata, na imefuata tarehe.

Swali langu: siku hizi sita nizilipe baada ya Idi kama siku za hedhi, au mwenye mimba ana hesabu nyingine?

Mdogo wako,
Ramlah


Bugembe, Jinja
Alhamisi, 27 Machi 2025

Ramlah,

Assalam alaikum. Hujambo, na mtoto?

Wiki kumi sasa hakuna neno kutoka kwako. Jumanne Isiko hakupita. Wanasema gari lake limekufa Iganga, liko gereji, injini imetolewa nje. Hii nampa mwenzake wa steji, pale magari yanapopakia, sijui kama anaijua njia ya kwenu.

Kwa hesabu yangu leo una wiki thelathini na mbili na siku tano. Skani ilikuwa Jumatatu. Umekwenda?

Kama unaninunia kwa yale niliyoandika Januari, nuna, lakini skani nenda. Sikuyaandika ili ubebe. Niliyaandika kwa sababu uliacha mstari wazi, nami sikuwa na jibu lingine.

Nimeufikiria. Nina kanzu hamsini na mbili za Idi juu ya meza na watu wanazifuata mpaka mlangoni. Idi ikipita nitakaa vizuri, nikuandikie namba.

Dada yako,
Nusifa


Bugembe, Jinja
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Ramlah,

Assalam alaikum. Naomba unijulishe hali yako.

Idi imepita na hujasema kitu. Wiki thelathini na nne na siku tano. Nimekaa na kalamu nikitafuta nani nimpigie Mbale, nimegundua sina mtu. Namba ya Hamuza sikuitaka, ulipotaka kunipa nilikwambia sina haja nayo. Kituo cha Brigid sikijui jina.

Isiko amepata gari lake leo. Nimemwambia asiiache hii steji, aje mpaka mlangoni kwako akuone kwa macho. Jumanne akirudi bila jibu, Jumatano nafunga duka nakuja.

Dada yako,
Nusifa


Namatala, Mbale
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Dada Nusifa,

Assalam alaikum. Mimi nipo. Mtoto yupo. Naanza na hayo ili usiyatafute chini.

Isiko alikuja mpaka mlangoni leo, maana Alhamisi hakutukuta. Aliponiona nimekonda hivi akaanza kujigusa mifuko, kisha akakumbuka. Barua yangu ya tarehe 24 Machi ilikuwa chini ya kiti chake muda wote huo, pale gereji Iganga. Atakupa zote mbili pamoja. Ile utaona nilikuuliza habari za funga.

Jumatano tarehe 26, baada ya adhuhuri, nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele. Nilisikia joto. Nilipoinuka mkeka ulikuwa mwekundu. Pedi zako tatu zilijaa ndani ya nusu saa, niliziandika saa kwa mazoea tu, saa saba na kumi, saba na ishirini, halafu sikuandika tena. Mama mkwe alikuwa analia, anasema hizi si siku, hizi si siku. Jirani yangu Khainza, anayeuza mkaa, aliacha mkaa wake barabarani, akasimamisha boda, akakaa nyuma yangu akanishika kiunoni. Kitenge chake kiliharibika.

Hospitali walifanya haraka. Muuguzi akasoma kadi yangu, akasema, "Jamaa wa karibu ni Nusifa. Namba yake?"

Simu ya Hamuza ilikuwa haipatikani. Khainza alikuwa amekimbia kuchangia damu. Nikafumba macho, nikaanza kuitaja namba yako, kama nilivyokuwa nikiwatajia wateja wa sare. Zilikuja tarakimu tisa, dada. Ya kumi haikuja. Niliifuta kwenye simu, sikujua kama na kichwani itafutika.

Yule muuguzi hakukata tamaa. Akasema ziko kumi tu, tujaribu. Akaanza na sifuri, kwa simu yake mwenyewe, huku wenzake wananichoma sindano. Sifuri ilikuwa mzee mmoja aliyemjibu kwa lugha asiyoijua. Moja haikuwepo hewani. Mbili mwanamke alisema si yeye, lakini akasema pole, akamuuliza mgonjwa ni nani. Tatu, nne, zikalia bila kujibiwa. Tano mtu alitukana. Sita ilikuwa duka la dawa, mahali pengine kabisa. Hapo wakaja na kitanda, daktari akasema hatusubiri jamaa. Karatasi ya kupasuliwa nikaiwekea sahihi mwenyewe.

Ni msichana. Wiki thelathini na mbili na siku nne, kilo moja na gramu mia saba. Waliniwekea damu chupa tatu, moja ikiwa ya Khainza. Daktari hakunigombeza, aliniambia tu kwamba ningekuja Jumamosi, damu ya kwanza ilipotoka, wangepata siku za kunichoma mimi sindano za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajatoka. Kwa siku tisa alipumulia mpira puani. Nimemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, siku kumi na sita. Wanawake wengine wodini walikuwa na mama zao na dada zao wa kupokezana, mmoja anakula, mwingine anamshika mtoto. Mimi nilikuwa nakula naye akiwa kifuani, nikipangusa wali kwenye kichwa chake. Khainza alikuja alipoweza, ana mkaa wake. Hamuza alifika mtoto akiwa na siku kumi na mbili. Alikaa kwenye benchi akalia, halafu akaenda kununua sabuni.

Juzi tumeruhusiwa. Nyumbani nikakuta barua yako ya tarehe 27, mama mkwe ameiweka kwenye Msahafu. Unasema Idi ikipita utaniandikia namba.

Dada, nilitaka kumpa mtoto jina lako. Nilikuwa nimeshaamua tangu Novemba. Nimempa la Khainza.

Usije Jumatano. Sisemi usije kamwe. Nina hasira ambayo sijaizoea, na nikikuona sasa nitasema neno ambalo hata karatasi haitalibeba. Nikiwa tayari nitakuandikia.

Mdogo wako,
Ramlah


Bugembe, Jinja
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Mdogo wangu Ramlah,

Waalaikum salam. Pole, mdogo wangu. Katika kila barua nimekusalimu kama mtu anayepiga hodi akiwa ameshageuka kuondoka. Leo nauliza kweli. Kidonda kinaendeleaje? Maziwa yanatoka? Na Khainza mdogo analala?

Barua zako mbili nilizipata Jumanne. Nilisoma kwanza ya tarehe 24, kwa sababu ndivyo tarehe zinavyokwenda. Nilipofika "nikavua viatu" niliweka chini karatasi, nikasimama barabarani mpaka mteja akaniuliza kama nimeibiwa.

Nakujibu ulichouliza. Siku sita za funga, muulize sheikh, mimi si mwanachuoni. Hesabu yako ilikuwa sahihi, nimeirudia mara mbili kwenye kalenda, mia mbili ishirini na nne, Jumamosi. Ila mwenye mimba hana tarehe anayoitimiza. Ulihesabu vizuri kitu ambacho hakikuwa cha kuhesabiwa. Hilo nalielewa, kwa sababu mwaka mzima na zaidi mimi nimehesabu sare mia moja na arobaini.

Walifika sita. Namba yangu inaishia na saba.

Nililipokea hilo nikalala nalo. Asubuhi nikakumbuka jambo lingine, na ningeweza kukuficha, lakini hatuna nafasi ya malaria nyingine. Jumatano ile, saa saba hadi saa tisa, nilikuwa dukani nakata kanzu. Simu ilikuwa ndani ya droo. Nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu wateja wa Idi walinichosha. Kwa hiyo hata wangefika saba.

Umesema nisije. Sitakuja. Nilikupa amri kama hiyo na uliitii kuliko nilivyotaka, basi zamu yangu.

Furushi hili ni lako na la mtoto. Gauni lina vifungo mbele, la kunyonyeshea, nimeacha inchi mbili za kupunguza ukirudi mwili wako. Ligeuze ndani. Kwenye pindo, upande wa kushoto, nimetarizi tarakimu kumi kwa uzi wa bluu, zote, kama tunavyotarizi namba za watoto wa bweni kwenye sweta. Kitambaa cha mtoto kinazo pia, kwenye kona. Nimezifua mara tatu kwa sabuni na maji moto, hazitoki. Siku ukiwa huwezi kusema, atakayekuvua nguo ataziona.

Bado unatoka damu ya uzazi. Ikijaza pedi ndani ya saa moja, au ikianza kunuka, au mwili ukichemka, au kidonda kikifunguka, usimwandikie mtu barua. Rudi hospitali kwanza.

Khainza nimemwekea kitenge, yadi sita. Usimwambie kimetoka kwa nani kama hutaki. Jina umelitoa vizuri.

Kadi ya mtoto najua ina mstari uleule. Ujaze au uuache. Simu nimeitoa kwenye droo. Iko juu ya meza ya kukatia, sauti nimeipandisha mpaka mwisho, vibarua wananicheka kwamba fundi siku hizi ana uziwi. Leo imelia mara nne. Wote walikuwa wateja.

Dada yako,
Nusifa